Somo: Kwadi ya injekta haiwaki vizuri na inamisi, tuanzie wapi?

Masika yanapoisha na wageni wakaanza kurudi Nungwi na Kiwengwa hapa Zanzibar, simu yangu haipumziki. Kwadi (pikipiki za magurudumu manne) zilizolala wiki nane au kumi chini ya turubai zinatolewa, stata inazunguka, injini haishiki. Au inashika, inakohoa (ndiyo kumisi), ukiachia mafuta inazima. Na mwenyewe keshaambiwa na mtu kwamba injekta (inayopulizia petroli kwenye injini) imekufa, au kompyuta ya injini imeungua, anataka bei ya spea tu.

Naandika somo hili kwa sababu inaniuma kuona mtu anatoa pesa ya msimu mzima kununua kompyuta, kumbe kibovu ni waya wa aithi, ule unaounganisha injini na nguzo hasi ya betri. Utaratibu wangu ni umeme kwanza, mafuta pili, hewa tatu, sensa mwisho. Ninayoishika zaidi ni Honda TRX420, iliyotoka 2007 ikiwa na injekta tangu mwanzo, lakini mengi humu yanafaa kwa kwadi yoyote ya injekta.

Kwa nini umeme kwanza? Kabureta haihitaji umeme kuvuta petroli. Kwenye injekta, pampu, kompyuta na injekta yenyewe vyote vinakula betri moja na stata. Betri ikichoka, stata inaweza kuzunguka vizuri tu masikioni mwako, lakini pampu haina nguvu na kompyuta inayumba.

Hatua ya 1: Betri na aithi

Chukua mita. Betri iliyopumzika usiku kucha isome volti 12.6 au zaidi. Ikiwa 12.2 imebaki kama nusu, ichaji kwanza ndipo uendelee. Sasa mwenzako abonyeze stata huku wewe ukiangalia mita: isishuke chini ya 10. Ikianguka hadi 9 ilhali umeichaji, betri hiyo imekwisha hata kama taa zinawaka vizuri.

Kisha kipimo ambacho wengi hawakifanyi, nami nakiomba kila mtu akijue. Ncha moja ya mita iweke kwenye nguzo hasi ya betri, nyingine kwenye chuma kisafi cha injini. Bonyeza stata. Ukiona zaidi ya nusu volti, umeme unapotelea njiani kwenye aithi. Niliwahi kuletewa kwadi kutoka Matemwe, imeshafungwa pampu mpya na plagi mbili, haiwaki. Mita ikasoma volti 1.8. Boliti ya aithi ilionekana nzima, lakini chini yake kulikuwa na unga wa kijani. Chumvi ya bahari. Nikakwangua, nikapaka grisi, nikakaza, ikawaka mara ya kwanza. Ile pampu ya zamani haikuwa na kosa lolote.

Usichomoe betri injini ikiwa inanguruma. Umeme unaoruka hapo unaweza kweli kuua kompyuta.

Hatua ya 2: Isikilize pampu

Hakikisha swichi nyekundu ya kuzimia iko sawa, washa ufunguo, usibonyeze stata. Sikio karibu na tangi. Utasikia mlio mwembamba wa kama sekunde mbili, kisha kimya. Husikii kitu? Kagua fyuzi, halafu rilei (swichi inayoendeshwa na umeme), halafu soketi ya pampu. Baadhi ya kwadi zina sensa ya kupinduka inayokata mafuta. Kama ililala ubavu, izime ufunguo kabisa, uwashe upya.

Kusikia pampu si hakikisho la presha. Kwadi nyingi za injekta hutaka kati ya pauni 40 na 50 (psi), na hiyo hupimwa kwa geji. Kabla ya kufungua paipu, chomoa soketi ya pampu, washa injini na uiache izime yenyewe, ama sivyo petroli itakurukia usoni.

Hatua ya 3: Petroli yenyewe

Toa kidogo kwenye chupa nyeupe, iache dakika kumi. Maji yatakaa chini. Kisha dondosha tone kwenye karatasi nyeupe: petroli safi huyeyuka ikaondoka, iliyochanganywa na mafuta ya taa huacha doa la mafuta. Petroli iliyolala miezi miwili hadi mitatu kwenye joto letu hunuka kama vanishi. Imwage yote. Kuongeza mpya juu ya mbovu hakusaidii.

Na tafadhali msiendeshe tangi likiwa tupu-tupu. Pampu iko ndani ya petroli na petroli ndiyo inayoipoza.

Hatua ya 4: Plagi

Nyeusi na kavu kama masizi, mafuta yamezidi au hewa imezibwa. Imelowa petroli, cheche ni dhaifu. Nyeupe, mafuta hayatoshi. Bei yake ni ndogo, badilisha.

Hatua ya 5: Hewa

Mchanga wa pwani ni mwembamba, unaziba kichujio haraka kuliko kitabu kinavyosema. Msimu ukiwa umechanganya mimi nakiosha kila wiki. Halafu angalia mpira unaounganisha throto bodi (mlango wa hewa unaofunguka ukivuta mafuta) na injini. Ukipasuka, hewa inaingia bila kupita kwenye throto, na injini hupanda na kushuka yenyewe kwenye sailensa, yaani ikinguruma bila kuvutwa mafuta. Nyunyizia maji kwa chupa ya kupulizia kuzunguka mpira huo. Mlio ukibadilika, umepata. Wengine hupulizia petroli au dawa ya kabureta kwenye injini ya moto. Usifanye hivyo, utachoma kwadi na mikono.

Throto bodi isafishe kwa kitambaa na dawa yake. Skrubu iliyopakwa rangi usiiguse, iliwekwa kiwandani.

Hatua ya 6: Taa ya injini

Sasa ndiyo tusome sensa. Kwenye Honda taa huhesabu: mpepeso mrefu ni kumi, mfupi ni moja. Moja ni sensa ya presha ya hewa, saba ni sensa ya joto la injini, nane ni ya throto, tisa ni ya joto la hewa, mrefu mmoja na mifupi miwili ni injekta. Lakini msimbo husema njia ya umeme ina kasoro, hausemi sensa imekufa. Fungua soketi kwanza, tazama kutu, tikisa waya.

Ikiwa yote ni sawa na bado inasumbua, pima kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) na nafasi za valvu kwa vipimo vya kitabu cha modeli yako.

MASWALI YA WANACHAMA

Asalaam alaykum fundi. Niko Bidiya, Oman, tunakodisha kwadi jangwani. Asubuhi inawaka vizuri, ikishachemka nikizima haiwaki mpaka ipoe nusu saa.

Waalaykum salaam ndugu yangu. Tazama mambo mawili. Valvu zikibana, joto huzibana zaidi na kompresheni hupotea. Pima injini ikiwa baridi. La pili sensa ya joto: ikiwa baridi isome omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) elfu mbili hivi, ikipata moto ishuke hadi mia tatu na ushehe. Ikibaki juu, kompyuta inadhani injini baridi na inamwaga mafuta mengi.

Shikamoo kaka. Mgeni wetu hapa Paje alipita kwenye maji ya bahari, sasa inamisi ikivuta mlima tu.

Marahaba mdogo wangu. Isukume kivulini, usiiendeshe zaidi. Vua kofia ya plagi, kausha ndani. Suuza kwadi nzima kwa maji baridi ya bomba, ila usielekeze presha kwenye soketi. Fungua soketi moja moja, kausha, paka grisi ya umeme. Fanya leo hii, kesho chumvi itakuwa imeshaanza kula.

Fundi, injekta naweza kuisafisha kwa kuigusisha betri moja kwa moja?

Kwa kugusa na kuachia tu, kidogo kidogo, huku ukipitisha dawa ya kusafishia. Ukiishikilia koili inaungua. Na fanyia nje mbali na moto, kwa sababu cheche na mvuke wa dawa havikai pamoja. Kwanza ipime: nyingi husoma omu 10 hadi 14. Ikisoma sifuri au haisomi kabisa, kuisafisha hakutaiponya.

Samahani, nimefuata mpaka hatua ya kwanza. Betri 12.7, nikibonyeza stata 10.9, aithi 0.9. Niendelee na pampu?

Hapana dada, simama hapo hapo. Betri yako nzima, aithi ndiyo inakula volti. Fungua boliti pande zote mbili za waya, kwangua mpaka chuma king'ae, kaza, pima tena uniletee namba mpya.