Namna ya Kufundisha Jinsi Kichochezi cha Ukuaji Kinavyosimamisha Seli za Tezi

Mwalimu wa baiolojia anayefika kwenye mada hii na kidato cha sita hapa Tabora huulizwa mapema swali la haki kabisa: kitu kinachoitwa kichochezi cha ukuaji kinawezaje kuzuia ukuaji? Usilikwepe swali hilo wala usilijibu kwa haraka, kwa maana ndilo somo lenyewe.

Anza na jina. Protini iitwayo TGF-beta (kifupi cha "transforming growth factor beta", yaani kichochezi cha ukuaji kinachogeuza seli) ilipata jina lake mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya watafiti kuona kwamba inazifanya seli za tishu unganishi zilizotoka kwenye figo za panya ziote kama seli za saratani. Muda si mrefu ikabainika kwamba protini hiyo hiyo ikifika kwenye seli zinazotandaa ndani ya mifereji ya tezi, zikiwemo za tezi za maziwa za binadamu, huzizuia kugawanyika. Wanafunzi wetu wanaijua stesheni yao: behewa lililotoka Dar es Salaam likifika hapa huweza kwenda Mwanza au Kigoma, kutegemea reli iliyofunguliwa mbele yake. Ujumbe nao ni mmoja, ila njia zilizomo ndani ya seli si zile zile. Eleza pia kwamba ukuaji unaozungumzwa hapa ni seli kuongezeka idadi, si seli moja kunenepa.

Kisha kusanya vizibo vya soda, kila kizibo kikiwa fosfati moja, yaani alama ya kemikali inayobandikwa kwenye protini, na uufanye mlango wa darasa kuwa utando wa seli. Wasimamishe mlangoni wanafunzi wawili, kipokezi cha aina ya kwanza na cha aina ya pili. TGF-beta anakuja kutoka nje, anamshika wa aina ya pili, na hapo ndipo huyo anapomvuta mwenzake na kumpa kizibo. Wa aina ya kwanza, akiwa sasa ameamshwa, anawapa vizibo Smad2 na Smad3, protini za kupeleka ujumbe walioko ndani; hao wanaungana na Smad4 na kwenda pamoja hadi ubaoni, ambapo ndipo kiini cha seli. TGF-beta mwenyewe haingii ndani. Sisitiza jambo hili, kwa sababu wengi huchora protini hiyo ikizama hadi kwenye jeni.

Sehemu inayofuata ndiyo inayohitaji subira. Mwanafunzi mmoja awe Rb, protini inayozuia seli kugawanyika, amemkamata mkono E2F, protini inayowasha jeni za kunakili DNA. Wengine wawili ni vimeng'enya ambavyo kwa kawaida humjaza Rb vizibo mikononi mpaka anamwachia E2F, na seli inaanza safari ya kugawanyika. Kundi la Smad likifika ubaoni huita protini za kuzuia, p15 na p21, nao huvikamata vimeng'enya hivyo, huku jeni ya MYC, ambayo husukuma ugawanyikaji, ikipunguzwa sauti. Rb anabaki na mikono mitupu, E2F habanduki, na seli inasimama katika awamu ya G1, ile ya kabla ya kunakili DNA. Wanafunzi wataona wenyewe kwamba kizibo kile kile kilichopeleka amri mlangoni ndicho, kikiwekwa mikononi mwa Rb, kinachofungua njia. Fosfati si "washa" kila mahali. Seli iliyokwisha kuvuka kizingiti cha mwisho wa G1 haisimami pale pale, bali huendelea na mzunguko wake.

Mwisho, mwambie Smad4 aketi, kisha rudia zoezi zima tangu mlangoni. Hivyo ndivyo ilivyo katika takriban nusu ya saratani za kongosho, ambako jeni ya SMAD4 imepotea au imeharibika. Smad2 na Smad3 wanapokea vizibo vyao lakini p15 na p21 hawaitwi ipasavyo. Mikono ya Rb inajaa, E2F anachomoka, na TGF-beta bado yuko mlangoni akigonga.