Stoo ya kemikali: pa kuanzia kanuni zikibadilika

Kila kanuni za kemikali hatari zinapofanyiwa marekebisho, simu yangu haitulii: "Fundi, kuna fomu gani ya kujaza?" Fomu ni ya mwisho. Anzia stoo.

Hatua ya 1: Andika kila kilichomo. Usinakili risiti, ingia mwenyewe uone. Jina, kiasi, kiliingia lini, kinatumika wapi. Haikosi jerikeni moja nyuma ya mlango isiyo na mwenyewe. Usiifungue uinuse. Iandike "haijulikani" na uitenge.

Hatua ya 2: Dai karatasi ya usalama (safety data sheet) ya kila kemikali. Ina sehemu 16. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya ya 2007 inamtaka anayekuuzia akupe, hata kama duka lake ni kibanda cha River Road, Nairobi. Akisema "hii ni ya kawaida tu", nenda duka la pili. Soma kwanza sehemu ya 2 (hatari zake), ya 4 (huduma ya kwanza), ya 7 (kuhifadhi) na ya 8 (vifaa vya kujikinga). Kisha ibandike pale kibarua anapochanganyia, si kwenye kompyuta ya bosi.

Hatua ya 3: Lebo. Hapa ndipo wengi tunaanguka. Pipa la lita 200 huja na lebo nzuri kabisa. Balaa huanza tukishalipunguza kwenye vijerikeni. Mimi niliwahi kuwa na viwili vya rangi moja, kimoja cha asidi ya kusafishia vyoo, kingine cha klorini ya kung'arishia. Kijana akatumia faneli ileile bila kuiosha. Matone tu, lakini harufu ilitukaba koo sote tukakimbilia nje tukikohoa. Ilikuwa gesi ya klorini. Tangu siku hiyo kila chombo, hata cha nusu lita, kina jina la kemikali, alama ya hatari na tarehe. Na kila kemikali ina faneli yake, imefungwa kwa kamba.

Hatua ya 4: Tenganisha. Asidi mbali na klorini, mbali na kostiki soda pia. Thina isikae karibu na chochote chenye moto. Chini ya mapipa weka beseni la kuzuia umwagikaji, likubali asilimia 110 ya ujazo wa chombo kikubwa kuliko vyote: pipa la lita 200, beseni la lita 220.

Hatua ya 5: Sasa makaratasi. Sajili mahali pa kazi kwa DOSHS, idara ya serikali ya usalama na afya kazini. Mkifika wafanyakazi 20, undeni kamati ya usalama. Ukaguzi wa usalama ni angalau mara moja kila miezi 12.

Taka mkabidhi msafirishaji mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira. Mapipa matupu, tafadhali, yatoboe kabla hayajatoka getini. Likiuzwa zima, kesho utalikuta mtaa wa Mukuru limejaa maji ya kunywa.