Begi la nyuma ya siti: likalie kitu, lisining'inie

Tanga hii tambarare kila nyumba ina baiskeli, asubuhi saa kumi na mbili na nusu barabara za Ngamiani ni kengele tu, ila angalia watu wanavyobeba vitu vyao sasa. Mmoja kavaa begi mgongoni, akifika kazini shati limelowa utadhani katoka kuogelea Raskazone, mwingine kaning'iniza mfuko kwenye usukani, kila akikata kona unagonga spoku. Mi nilihamia begi la nyuma ya siti, lile pana la turubai linalokaa kwa kulala, lina mikanda miwili juu na mmoja mbele unaozunguka bomba la siti. Kile kibegi kidogo cha kuwekea spana na viraka sikizungumzii, kile unafunga tu unaondoka.

Nilikasirika nalo wiki ya kwanza tu. Nilikuwa na madaftari ya darasa la sita, arobaini na kitu, nimefunga mikanda miwili ya juu nikajiona fundi, basi navuka reli nikasikia kama mtu anapiga msasa nyuma yangu, nikadhani breki, nikaendelea. Kumbe begi limeshuka limekalia tairi. Nafika shule kitako cha begi kina tundu la kuingiza dole gumba na daftari la chini kabisa lina alama nyeusi ya tairi juu ya hesabu za mtoto wa watu. Nilipomrudishia akaiangalia ile alama weee, akaniuliza, "Mwalimu, hapa nimekosa?"

Kwa hiyo jambo lenyewe ni moja: mikanda kazi yake ni kushika, kubeba ni kazi ya kitu kingine kilichoko chini. Ukishaelewa hapo mengine yote yanakuja yenyewe.

Kwanza pima nafasi kabla hujanunua begi. Baiskeli isimame wima, shika begi likiwa limejaa (begi tupu linadanganya, likijaa tumbo linashuka) uliweke pale nyuma ya siti uone kutoka kitako chake mpaka kwenye madigadi au keria kunabaki nini. Vidole vitatu vya hewa juu ya tairi ndo kiwango changu cha chini. Wafupi ndo tunateseka hapa, siti ikiwa imeshushwa nafasi yote inaisha, na usije ukapandisha siti kwa ajili ya begi, utaumia magoti bure. Tafuta begi fupi.

Mikanda ya juu sasa. Siti za ngozi za kizamani zina vitundu viwili vya chuma kwa nyuma, hivyo viliwekwa kwa kazi hii hii, pitisha mkanda umemaliza. Siti nyingi za mtumba hazina, na hapo watu wanapitisha mikanda kwenye vile vyuma viwili vya chini ya siti. Inashika ndio, tatizo vyuma vile vimekaribiana mno, begi linakuwa kama pendulamu ya saa ya ukutani, kila ukipiga pedeli linakuja kulia linaenda kushoto linakugonga mapaja. Dawa ni kijiti. Chukua kipande cha mti mgumu au bomba jembamba, urefu kama kiganja na nusu, kilaze kukatiza juu ya vyuma vile, kifunge kikaze kisicheze, halafu mikanda ya begi ipite kwenye ncha zake mbili. Ncha zisizidi upana wa siti tu, zisije zikakuchoma. Hata yale mabegi ya Carradice yanayoshonwa Uingereza yana kijiti cha mti kwa ndani kinachobeba mikanda, kwa hiyo usione aibu.

Wenye siti za Phoenix zenye springi mbili kubwa nyuma, msifunge kwenye springi. Naona wengi wanafanya hivyo kwa sababu springi ndo inayoonekana imekaa vizuri. Ukiingia shimoni springi inabana, inauma mkanda, baada ya mwezi mkanda umeliwa kama na panya.

Haya, cha chini. Kama una keria ya chuma umeshinda nusu ya vita, begi linaikalia. Ila mara nyingi linakuwa halifiki, linabaki juu vidole viwili hivi, na huo mwanya ndo unaoleta kelele maana kila tuta begi linadunda. Ujaze. Mi nilikata kandambili kuukuu, soli mbili moja juu ya nyingine, nikazifunga kwenye keria kwa raba ya tyubu. Mpira wa kandambili hauli turubai, haushiki maji na haupigi kelele, sijaona kitu kinachoushinda kwa bei hiyo. Ubao nilijaribu kabla, ukinyeshewa unavimba na kona zake zinakwangua.

Kama huna keria, nenda kwa fundi wa kuchomelea akukunjie nondo nyembamba ya milimita 8 umbo la U, ndefu ya kutosha kukaa chini ya begi lote, miguu yake ibanwe kwenye bomba la siti kwa vibano viwili vya bati nene na bolti za spana namba 10. Peleka baiskeli yenyewe usiende na vipimo vya kichwani, mabomba ya siti hayalingani, kuna ya milimita 25.4 kuna ya 27.2 na mengine kibao, kibano kikiwa kikubwa kitazunguka tu. Fundi wangu alitaka achomelee moja kwa moja kwenye fremu, "tunapiga moto hapa mwalimu dakika mbili hulioni likitikisika tena," nikamwambia hapana mzee wangu, achomelee vibano, fremu aiache. Bomba la fremu ni jembamba, moto unalidhoofisha na rangi inaungua kutu inaanzia hapo hapo, na kama fremu ni ya aluminiamu zile fimbo za kawaida za kuchomelea hazishiki kabisa. Alinuna kidogo ila alifanya.

Na kile chuma kisibebe peke yake. Kimeshikwa upande mmoja tu, uzito uko ncha nyingine, siku moja kibano kitateleza chuma kishuke kwenye tairi. Kaza mikanda ya juu mpaka uzito ugawane.

Mkanda wa mbele, ule wa kwenye bomba la siti, watu wanausahau na ndo unaozuia begi kuyumba. Zungushia bomba kipande cha tyubu kwanza ili mkanda usiteleze, upitishe, ukaze mpaka begi lilalie bomba.

Kuhusu kamba. Raba ya tyubu nzuri kwa kukandamiza, kubeba haiwezi, inavutika, begi litacheza ngoma njia nzima. Katani nayo hapana. Najua mtanishangaa, mtu wa Tanga kuikataa katani wakati mkonge umelimwa huku tangu 1893, ila kwa kazi hii inasumbua: masika ikilowa inakaza mpaka kufungua unahitaji meno, ikikauka inalegea, na nyuzi zake zinasugua turubai. Tumia mikanda ya begi kuukuu la shule, ile ya nailoni yenye bako, yaani kile kifungio cha mkanda.

Kupanga vitu: vizito chini na mbele karibu na bomba, yaani madaftari yaegemee mbele, hotpoti katikati, koti la mvua nyuma. Halafu kabla hujapanda inua gurudumu la nyuma kama nusu futi uliachie. Ukisikia "puu" moja safari njema. Ukisikia "puu-ka-chwa" kuna kitu hakijakaza, kitafute.

Angalia na taa. Begi pana linaziba taa ya nyuma na ile rifleksi nyekundu, mwenye gari jioni hakuoni, kwa hiyo zihamishie mwisho wa keria au chini kwenye madigadi.

Bolti zipake grisi, hewa ya chumvi huku inakula chuma usiku na mchana, na baada ya wiki ya kwanza zirudie na spana maana lazima zitakuwa zimelegea kidogo. Ukienda soko la Mgandini begi usiliache kwenye baiskeli hata kama unanunua nazi mbili tu, fungua mabako matatu uingie nalo, nusu dakika haifiki.