Somo: Kutoka kidato cha tatu hadi uhandisi chuoni, njia mbili na mitego yake

Wakuu, matokeo ya kidato cha sita yakitoka tu, swali ni lile lile: "Nina divisheni wani, kwa nini nimekosa uhandisi?" Nimelijibu kwa mmoja mmoja mpaka nimechoka, kwa hiyo naliweka lote hapa. Ni kwa wanaofanya mitihani ya NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania).

Hatua ya 1: Kidato cha tatu na cha nne
Masomo yanapogawanywa, usiache Fizikia wala Kemia. Hesabu usiitegee kwa kujiambia D inatosha. Lenga C kwenda juu kwa yote matatu. Walioko shule za ufundi kama Ifunda, Moshi na Tanga wana mtaji wa ziada, maana uchoraji wa kihandisi wanaukuta mapema.

Hatua ya 2: Njia panda ya matokeo ya kidato cha nne
Njia ya kwanza ni kidato cha tano na sita, tahasusi (mchepuo) ya PCM, yaani Fizikia, Kemia na Hesabu, kisha digrii ya miaka minne. PGM (Fizikia, Jiografia, Hesabu) na yenye Fizikia, Hesabu na Kompyuta nazo zinafungua baadhi ya milango. Njia ya pili ni diploma ya miaka mitatu, NTA (ngazi za elimu ya ufundi) ya 4 hadi 6, katika vyuo kama DIT (Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam), Chuo cha Ufundi Arusha au MUST (Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia) ya Mbeya, kisha digrii.

Watu wanaiona diploma kama njia ya walioshindwa. Sikubaliani nao. Kijana anayependa kufungua mota na kuuliza kwa nini imeungua atachanua karakana ya DIT kuliko kwenye dawati la PCM. Ila achague kwa kujua: kwa kawaida inaongeza mwaka mmoja, na kuingia digrii TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) inadai GPA, yaani wastani wa alama za diploma, isiyopungua 3.0. Vyuo vyenye ushindani vinaweza kutaka zaidi.

Hatua ya 3: Advance (kidato cha tano na sita), hapa ndipo mtego ulipo
NECTA inahesabu A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, S ni 6, na pointi chache ndizo bora. Tuchukue wanafunzi wawili wa PCM. Wa kwanza ana Kemia A, Fizikia B, Hesabu S. Hiyo ni pointi 9, divisheni wani, nyumbani wanachinja kuku. Wa pili ana Fizikia D, Hesabu D, Kemia E: pointi 13, divisheni three, nyumbani kimya.

Sasa njoo chuoni. TCU inahesabu kivingine: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, na kiwango cha chini ni 4.0 kutoka prinsipo mbili (prinsipo ni ufaulu wa A hadi E). Uhandisi wa ujenzi, umeme au mitambo kwa kawaida unadai prinsipo hizo ziwe Fizikia na Hesabu. Yule wa divisheni wani hana prinsipo ya Hesabu, kwa sababu S haihesabiki. Mlango umefungwa. Wa divisheni three ana 4.0 kamili; anaruhusiwa kuomba. Kupata ni jambo lingine, ushindani ni mkali, lakini jina lake linaingia kwenye mfumo.

Kwa hiyo muda wako upeleke kwenye Hesabu kwanza. Chukua karatasi za miaka iliyopita, kaa saa tatu bila simu, sahihisha mwenyewe. Kuangalia majibu huku ukisema "hii naijua" hakujawahi kumpa mtu alama.

Hatua ya 4: Maombi na mkopo
Unaomba moja kwa moja chuoni. Ukichaguliwa zaidi ya kimoja, thibitisha kimoja ndani ya muda; wanaosahau wanajuta. Kabla ya kuomba soma Mwongozo wa TCU wa mwaka huo. Wa kidato cha sita na wa diploma ni tofauti.

Mkopo wa HESLB (Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu) unakwama kwenye karatasi ndogondogo. Cheti cha kuzaliwa kinasema Yohana, cha NECTA kinasema John, NIDA wameandika jina la babu. Rekebisha mapema, na uhakiki wa cheti cha kuzaliwa RITA (wakala wa usajili wa vizazi na vifo) ufanye kabla dirisha halijafunguliwa. Wengine watakuwa JKT wakati huo, kwa hiyo mwachie mzazi nakala za kila kitu.

Hatua ya 5: Baada ya digrii
Kwa sheria hujawa mhandisi kamili. Unasajiliwa na ERB (Bodi ya Usajili wa Wahandisi) kama mhitimu, unafanya kazi chini ya usimamizi, kwa kawaida miaka mitatu kupitia mpango wa mafunzo kazini wa SEAP, ndipo unaomba usajili wa mhandisi mtaalamu.

MASWALI YA WANACHAMA

*Shikamoo mwalimu. Nasoma PCB (Fizikia, Kemia, Biolojia) na nina BAM (Hesabu nyepesi ya Advance). Siwezi kuomba uhandisi?*
Marahaba mwanangu. BAM haichukui nafasi ya Hesabu ya Advance. Programu chache zinapokea Biolojia, zitafute kwenye Mwongozo moja moja. Kama uko kidato cha tano muhula wa kwanza, nenda leo kwa mwalimu wa taaluma uulize kuhamia PCM.

*Shule ya binti yangu haina mwalimu wa Fizikia. Tufanyeje?*
Pole mama. Vitabu vya kiada viko bure kwenye maktaba mtandao ya TET (Taasisi ya Elimu Tanzania). NECTA nao wanaweka taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, zikionyesha swali kwa swali walikokosea. Hizo hazisomwi na wengi, na ni dhahabu. Vitendo ndivyo vigumu kuvifanya peke yake. Tafuta shule jirani yenye maabara, omba siku za Jumamosi.

*Mkuu, diploma ina mkopo?*
Tangu mwaka wa masomo 2023/24 HESLB inatoa kwa baadhi ya fani za kipaumbele, uhandisi ukiwemo. Si kila chuo wala kila kozi, angalia mwongozo wao.

*Uhandisi gani una ajira? Naambiwa nisome mafuta na gesi.*
Mdogo wangu, usifuate habari za redio, utahitimu miaka minne baadaye. Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, lilihitaji watu wa ujenzi, mitambo na umeme. Ukiwa hujui, chagua mojawapo ya hizo tatu, ubobee baadaye.

*Nimepata Hesabu S. Nirudie au niende diploma?*
Kama ulikosa E kwa sababu ya ugonjwa au msiba, rudia kama mtahiniwa binafsi. Kama ulisoma kweli miaka miwili na ukapata S, nenda diploma, na uanze kuomba sasa maana dirisha lao halisubiri.