Kuhariri mafaili ya skrini katika Linux bila kupoteza njia ya kurudi

Mtu anayeanza kutumia Linux hufika mahali akaona picha haijakaa sawa kwenye skrini: maandishi ni makubwa kupita kiasi, pembeni kuna pande mbili nyeusi, au monita ya pili haitambuliwi kabisa. Akitafuta ufumbuzi huambiwa afungue faili fulani, abandike mistari michache, kisha awashe kompyuta upya. Mara nyingi ushauri huo ni sahihi. Linaloachwa ni jambo lililopaswa kutangulia, yaani namna ya kurudi ulikokuwa endapo mistari hiyo haitaifaa kompyuta yako, tena wakati ambapo skrini yenyewe haionyeshi kitu. Kwa hiyo hapa tutaanza na njia ya kurudi, na badiliko lenyewe litafuata.

Hofu nayo iwekwe mahali pake. Faili la skrini likikosewa, kinachopotea ni picha tu. Nyaraka zako zipo, mfumo unaendelea kufanya kazi, na kibodi bado inapokea amri. Kinachohitajika ni kujua pa kuziandikia.

Mfano nitakaoutumia ni wa Linux Mint yenye mazingira ya Xfce, kwenye kompyuta ya mezani iliyounganishwa na monita kwa waya wa VGA kupitia adapta. Monita ina uwezo wa pikseli 1920 kwa 1080, lakini orodha ya mipangilio inaishia 1024 kwa 768. Kwa kawaida monita huieleza kadi ya picha uwezo wake kwa taarifa fupi iitwayo EDID, inayopita kwenye waya uleule wa picha. Waya ukiwa na pini iliyokatika, au adapta ikiwa duni, taarifa hiyo haifiki, na kadi ya picha hujiwekea vipimo vidogo vya tahadhari. Ndiyo maana nasisitiza ujaribu kwanza waya mwingine, kwa kuwa hitilafu ya waya haitibiwi vizuri na faili lolote.

Ujue ni faili lipi linalosomwa

Fungua terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, uandike:

    echo $XDG_SESSION_TYPE

Jibu likiwa x11, picha yako inaendeshwa na programu iitwayo X.Org, na maelezo yote yanayofuata yanakuhusu. Likiwa wayland, yaani mfumo mpya zaidi unaofanya kazi hiyohiyo, kama ilivyo katika matoleo mengi ya karibuni ya Fedora na Ubuntu, basi eneokazi lako halisomi mafaili ya X.Org, na utapoteza muda bure ukiyahariri. Fedora ilianza kutumia Wayland kama chaguo la kawaida mwaka 2016, na ushauri mwingi unaosambaa uliandikwa kabla ya hapo.

Mafaili ya skrini yapo ya aina mbili. Aina ya kwanza hukaa katika folda yako binafsi, nayo huandikwa na eneokazi kila unapobadilisha mipangilio kwa kipanya: GNOME hutumia ~/.config/monitors.xml, Cinnamon hutumia ~/.config/cinnamon-monitors.xml, na Xfce huweka faili la displays.xml ndani ya ~/.config/xfce4/xfconf/xfce-perchannel-xml/. Faili la aina hii likiharibika, anayeathirika ni wewe peke yako. Aina ya pili hukaa katika /etc/X11, likiwamo faili la xorg.conf na folda ya xorg.conf.d, nayo humhusu kila mtumiaji pamoja na skrini ya kuingilia.

Usishtuke ukikuta kompyuta yako haina xorg.conf kabisa. Kwa miaka mingi sasa X.Org imekuwa ikitambua vifaa yenyewe, na kutokuwapo kwa faili hilo ndiyo hali ya kawaida. Hili lina faida kubwa kwa anayeanza: kama hapakuwa na faili, basi kurudi nyuma ni kuliondoa lile uliloliongeza. Mafaili yaliyomo katika /usr/share/X11/xorg.conf.d yaache jinsi yalivyo, kwa sababu ni mali ya vifurushi vya mfumo na sasisho likija linaweza kuyafuta mabadiliko yako.

Zoea konsoli kabla hujaihitaji

Konsoli ni skrini ya maandishi matupu inayopokea amri bila kulitegemea eneokazi. Bonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja. Skrini itageuka nyeusi yenye maandishi na kukuomba jina la mtumiaji. Kwenye baadhi ya kompyuta mpakato itabidi uongeze kitufe cha Fn. Andika jina lako, kisha neno la siri. Halitaonekana hata kwa vinyota unapoliandika, lakini linapokelewa. Ukishaingia andika ls uone mafaili yako, kisha andika exit, na urudi kwenye eneokazi kwa Ctrl, Alt na F7. Katika Linux nyingine eneokazi lipo kwenye F1 au F2.

Fanya zoezi hili leo, wakati kila kitu ni kizima, hasa kama neno lako la siri lina alama kama @ au #, maana mpangilio wa kibodi katika konsoli unaweza kutofautiana na ule wa eneokazi. Andika pia amri za kurejesha kwenye karatasi. Skrini ikizima, mwongozo uliofunguliwa ndani ya kompyuta hiyohiyo hautakufaa.

Nakala ya akiba

    mkdir -p ~/akiba-skrini
    sudo cp -a /etc/X11 ~/akiba-skrini/
    cp -a ~/.config/xfce4/xfconf/xfce-perchannel-xml/displays.xml ~/akiba-skrini/

Neno sudo huipa amri mamlaka ya mtumiaji mkuu, yaani msimamizi wa mfumo. Folda ya /etc/X11 ni ndogo, kwa hiyo hakuna sababu ya kuchagua faili mojamoja. Alama ya -a huhifadhi mmiliki, ruhusa na tarehe za faili, na hili si pambo, kwa sababu faili likirejeshwa kwa jina la mmiliki mwingine linaweza kukataa kuandikwa baadaye. Hakikisha nakala imekamilika:

    sudo diff -r /etc/X11 ~/akiba-skrini/X11

Amri hii isipotoa neno lolote, nakala na asili vinalingana.

Kuna kosa moja linalowakuta wengi walio waangalifu. Mtu huweka nakala ndani ya xorg.conf.d yenyewe na kuipa jina kama 10-monita-nakala.conf. X.Org husoma kila faili linaloishia na .conf ndani ya folda hiyo, likifuatana kwa herufi na tarakimu za jina, kwa hiyo nakala nayo husomwa, na mtu hubaki akijiuliza kwa nini badiliko lake lina tabia ya ajabu. Nakala ikae nje ya folda hiyo, au jina lake lisiishie na .conf. Kanuni hiyohiyo ndiyo itakayotusaidia baadaye kulizima faili bila kulifuta.

Jaribu kwanza bila kugusa faili

Amri ya xrandr hubadilisha picha papo hapo bila kuandika chochote kwenye diski, na ukiwasha kompyuta upya kila kitu hurudi kama kilivyokuwa. Iandike peke yake ili uone jina la tundu la picha. Katika mfano wetu ni VGA-1. Kisha andika cvt 1920 1080 upate mstari wa vipimo, na uutumie hivi:

    xrandr --newmode "1920x1080_60.00" 173.00 1920 2048 2248 2576 1080 1083 1088 1120 -hsync +vsync
    xrandr --addmode VGA-1 "1920x1080_60.00"
    xrandr --output VGA-1 --mode "1920x1080_60.00"; sleep 20 && xrandr --output VGA-1 --mode 1024x768

Mstari wa mwisho ndio ninaoupenda kuliko yote. Unabadilisha picha, unasubiri sekunde 20, kisha unairudisha wenyewe. Skrini ikizima, ondoa mikono kwenye kibodi na usubiri. Picha ikitokea vizuri na ukataka ibaki, bonyeza Ctrl na C kabla muda haujaisha. Namba 173.00 ni kasi ya pikseli kwa megahezi, na 60 ni idadi ya picha kwa sekunde. Usiweke vipimo vinavyozidi vilivyoandikwa katika kitabu cha monita yako. Monita bapa za kisasa hukataa kwa kuonyesha ujumbe tu, lakini zile nzito za zamani zenye kioo cha tyubu zinaweza kudhurika.

Sasa andika faili

Vipimo vikishathibitika ndipo viandikwe vidumu. Katika folda ya xorg.conf.d tengeneza faili dogo lenye jambo moja tu, badala ya xorg.conf ndefu iliyonakiliwa kutoka kompyuta ya mtu mwingine:

    sudo mkdir -p /etc/X11/xorg.conf.d
    sudo nano /etc/X11/xorg.conf.d/10-monita.conf

Ndani yake andika:

    Section "Monitor"
        Identifier "VGA-1"
        Modeline "1920x1080_60.00" 173.00 1920 2048 2248 2576 1080 1083 1088 1120 -hsync +vsync
        Option "PreferredMode" "1920x1080_60.00"
    EndSection

Katika nano, ambayo ni programu ya kuhariri maandishi, hifadhi kwa Ctrl na O kisha Enter, na utoke kwa Ctrl na X. Ukiingiwa na shaka katikati, bonyeza Ctrl na X, halafu N, nawe utatoka bila kuhifadhi kitu. Kabla ya kutoka, kagua mambo mawili. Kila Section iwe na EndSection yake, na alama za kunukuu ziwe zile zilizonyooka. Mistari iliyobandikwa kutoka kwenye programu ya kuandikia barua huja na alama zilizopinda, ambazo kwa jicho ni ndogo lakini X.Org haizikubali, na kwa sababu ya alama hiyo moja inaweza kukataa kuanza kabisa.

Hifadhi kazi zako zote, toka kwenye akaunti, kisha uingie tena. Katika Mint kutoka huko hutosha kuianzisha X.Org upya. Badilisha jambo moja, lijaribu, ndipo uende kwenye jingine. Aliyebadilisha matano kwa mkupuo hawezi kujua lipi limemzimia skrini.

Skrini ikizima

Usichomoe umeme. Subiri kidogo, bonyeza Ctrl, Alt na F3, ingia, kisha andika:

    sudo mv /etc/X11/xorg.conf.d/10-monita.conf /etc/X11/xorg.conf.d/10-monita.conf.zuiwa
    sudo systemctl restart display-manager

Amri ya kwanza imeondoa mwisho wa .conf, kwa hiyo faili halitasomwa tena ingawa maudhui yake yapo. Ya pili inaanzisha skrini ya kuingilia upya, na itafunga programu zote zilizokuwa wazi kwenye eneokazi. Kama ulihariri xorg.conf iliyokuwapo tangu awali, irejeshe kutoka kwenye akiba kabla ya kuanzisha upya:

    sudo cp -a ~/akiba-skrini/X11/xorg.conf /etc/X11/xorg.conf

Picha ikirudi, tafuta sababu kabla ya kujaribu tena. X.Org huandika kila inachofanya katika /var/log/Xorg.0.log, au katika ~/.local/share/xorg/ kwenye mifumo inayoiendesha bila mamlaka ya mtumiaji mkuu. Kwa kuwa umeshaianzisha upya, kumbukumbu ya jaribio lililoshindwa sasa imebadilishwa jina na kuishia na .old:

    grep "(EE)" /var/log/Xorg.0.log.old

Mistari yenye (EE) ni makosa, na yenye (WW) ni maonyo, ambayo mengi hayana madhara. Kosa la uandishi hutajwa pamoja na namba ya mstari, jambo linalokupeleka moja kwa moja penye alama iliyokosewa.

Ikiwa konsoli nayo haipatikani, washa kompyuta upya huku umeshikilia Shift, au ukigusagusa Esc kwa kompyuta za UEFI, hadi itokee orodha ya GRUB, programu inayoiwasha Linux. Bonyeza e, tafuta mstari unaoanza na neno linux, nenda mwisho wake, acha nafasi, uongeze systemd.unit=multi-user.target, kisha bonyeza F10. Mfumo utawaka kwa maandishi matupu, nawe utazitumia amri zilezile za kurejesha, ukimalizia kwa sudo reboot. Nyongeza hiyo ya GRUB ni ya kuwasha huko kumoja tu.

Faili la folda binafsi lina tabia yake. Xfce huweka mipangilio kwenye kumbukumbu ya muda na kuiandika tena kwenye diski, kwa hiyo ukirejesha displays.xml ukiwa ndani ya eneokazi, kazi yako inaweza kufutwa palepale. Toka kwenye akaunti kwanza, ingia kwa konsoli, ndipo uandike:

    pkill xfconfd
    cp -a ~/akiba-skrini/displays.xml ~/.config/xfce4/xfconf/xfce-perchannel-xml/

Kama hukuwa na nakala, lipe faili lililopo jina jingine, na Xfce italiandika jipya. Angalia kwamba hapa hakuna sudo. Ukiitumia katika folda yako unaweza kujikuta faili limekuwa la mtumiaji mkuu, na kuanzia hapo mipangilio ya skrini haihifadhiki kila unapotoka. Ukiona dalili hiyo, kagua mmiliki kwa ls -l, na urekebishe kwa sudo chown "$USER": ukifuatisha jina la faili.

Siku utakapobadilisha monita, au utakapopata waya mzima unaopitisha EDID, liondoe 10-monita.conf kabla ya kuunganisha, kwa maana litaendelea kuiagiza kadi ya picha itumie vipimo vya monita ya zamani kwenye tundu lile la VGA-1.