Mathenge au mgunga? Utambue ungali mdogo

Mfugaji wa Baringo, Garissa au kando ya mto Tana hahitaji kusimuliwa madhara ya mathenge, mti wa miiba ulioletwa kutoka nje ukageuka gugu. Kazi ni kuutambua ungali unafika magotini, kwa sababu kwa mbali hufanana na mgunga, na mgunga ni mti wetu wa kivuli na malisho ambao hatutaki ukatwe bure.

Anza na miiba. Ya mathenge imenyooka, nayo hutoka miwili miwili pale jani linapoanzia. Mgunga wa kawaida una aina mbili kwenye tawi moja: mirefu myeupe iliyonyooka, na mifupi iliyopinda. Kikwata, mti mwingine wa jamii ya mgunga, nacho miiba yake imepinda kama ndoana. Ukiona mwiba uliopinda, weka panga chini. Huo si mathenge.

Lakini ipo migunga yenye miiba iliyonyooka pia, kwa hiyo usiamue kwa mwiba peke yake. Chuma jani moja ulitandaze kiganjani. La mathenge hugawanyika jozi moja hadi tatu tu za vijiti, mara chache nne, na kila kijiti kimejaa vijani vyembamba pande zote mbili. Migunga mingi ina jozi nyingi zaidi.

Mathenge ukishatoa maua, shaka huisha: shada la manjano, refu kama kidole. Maua ya mgunga ni ya duara. Maganda ya mathenge ni marefu, hugeuka njano yakikomaa na ni matamu. Ya mgunga hujisokota.

Utamu huo ndio ulioueneza. Mbuzi hula ganda, mbegu hupita tumboni nzima na kuota kwenye samadi. Mti ulioletwa Baringo miaka ya 1980 kwa nia njema, ili watu wapate kuni, ulitangazwa rasmi kuwa gugu hatari nchini Kenya mwaka 2008. Kwa hiyo mvua zikianza, kagua kwanza boma na njia za mifugo.

Mche mdogo ung'oe na mzizi wake, udongo ungali na unyevu. Mkubwa usiukate juu ya ardhi, maana kisiki kitachipua matawi mengi kuliko mwanzo. Chimba kwa sururu, ukate mzizi mkuu sentimita 10 hadi 30 chini ya udongo. Vaa viatu vigumu. Maganda yaliyoanguka yaokote, na ukitaka kulisha mifugo yasage kabisa ili mbegu zife.