Kuandaa biashara kwa ukaguzi wa usalama wa moto: anzia mlangoni

Wafanyabiashara wengi wakisikia mkaguzi wa zimamoto anakuja, hukimbilia kununua mitungi mipya ya kuzimia moto. Mitungi inahitajika, lakini kitu cha kwanza anachotaka kujua mkaguzi ni kingine: moto ukiwaka sasa hivi, je, watu wote waliomo watatoka? Basi maandalizi yaanzie mlangoni. Na yaanze wiki nne kabla, maana kazi za mafundi, kama kujaza mitungi au kubadilisha betri za taa za dharura, hazimaliziki kwa siku mbili. Vipimo vilivyotajwa hapa vinatumika sana, ila kanuni za kwenu zikidai zaidi, fuata za kwenu.

Njia za kutokea

Simama kwenye kona ya mbali kabisa ya jengo, tuseme stoo ya nyuma, kisha tembea hadi nje kwa kufuata vibao tu, kama mgeni. Fanya hivyo mchana, urudie usiku taa kuu zikiwa zimezimwa. Kila unapolazimika kukwepa kitu, kujipenyeza au kupapasa, pana kosa. Maboksi ya mzigo ulioshushwa asubuhi ni kosa hata kama yataondolewa jioni, kwa kuwa moto hausubiri jioni.

Kila mlango wa kutokea ufunguke kutoka ndani bila ufunguo, na bila mtu kufundishwa namna ya kuufungua. Kufuli au mnyororo uliowekwa kwa hofu ya wezi ni kosa baya kuliko yote. Mwaka 1911, kiwanda cha nguo cha Triangle mjini New York kiliungua wakafa watu 146, na mlango mmoja wa ngazi ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Ukiogopa wizi, weka kitasa cha kusukuma chenye king'ora: mlango utafunguka, lakini kila mtu atasikia. Penye watu wengi mlango ufungukie nje, kwa sababu umati ukishaulalia mlango wa kuvuta, hakuna awezaye kuuvuta.

Milango ya kuzuia moto kazi yake ni kujifunga. Ondoa kila kabari, tofali au ndoo inayoishikilia. Ufungue mlango wote, uachie: ujifunge wenyewe mpaka ulimi wa kitasa uingie. Ukiishia katikati, kifaa cha kuufunga kimelegea au mbao zimevimba. Mwite fundi, wala usiukwangue ukingo ovyo, kwa sababu nafasi kati ya mlango na fremu haitakiwi kuzidi sana milimita 3. Moshi hupitia hapo.

Taa za dharura zina mtego wake. Kitufe cha kujaribia kikibonyezwa kwa sekunde 30 kila mwezi, hata betri mbovu inaweza kufaulu. Ukweli huonekana kwenye jaribio refu la kila mwaka, la dakika 90 au saa 3 kutegemea kanuni: taa ikififia baada ya dakika chache, betri imekufa. Jaribio hilo lisifanyike siku moja kabla ya ukaguzi, maana betri huweza kuchukua saa 24 kujaa tena.

Mitungi

Mshale wa geji uwe kwenye kijani, pini na lakiri viwepo, mpira usiwe na nyufa, na kadi ionyeshe huduma ya fundi ndani ya miezi 12. Mtungi wa kabonidioksidi hauna geji. Hupimwa kwa mizani na kulinganishwa na uzito uliogongwa juu yake. Ukiwa umepoteza zaidi ya asilimia 10 ya gesi yake, ujazwe upya. Wengi hudanganyika hapa, kwani mtungi mtupu kwa nje unafanana na uliojaa.

Itundike ukutani karibu na milango, mpini usizidi mita 1.5 kutoka sakafuni, na pasiwe na mahali palipo zaidi ya mita 23 kutoka mtungi wa karibu. Sababu ya kuiweka karibu na mlango ni kwamba anayezima moto awe na njia ya kurudi nyuma, asijikute moto uko kati yake na mlango.

Jikoni kwenye vikaango vya mafuta mengi uwepo mtungi wa kemikali ya majimaji uliotengenezwa kwa mafuta ya kupikia. Maji hapo ni hatari kubwa: lita moja ikigeuka mvuke hutanuka takriban mara 1,700 na kurusha mafuta yanayowaka hadi darini. Chujio za juu ya majiko zisafishwe mafuta, na viungio vya gesi vipakwe maji ya sabuni. Mapovu yakitoka, gesi inavuja.

Umeme na stoo

Acha nafasi tupu ya angalau sentimita 90 mbele ya bodi ya umeme. Ziba kila tundu lililobaki baada ya sakiti breka kuondolewa. Ekstensheni isichomekwe kwenye ekstensheni nyingine, wala isiwe waya wa kudumu. Ya ampea 13 kwenye volti 230 hubeba takriban wati 3,000. Birika la wati 2,000 na pasi ya wati 1,500 tayari zimeipita. Ikiachwa imeviringishwa, joto halina pa kutokea na plastiki huyeyuka.

Penye vinyunyizio vya maji darini, bidhaa ziishie sentimita 45 chini yake, la sivyo maji hayatasambaa. Kichwa cha kinyunyizio kilichopakwa rangi hakisafishwi, hubadilishwa. Vitambuzi vya moshi navyo vikaguliwe: mafundi rangi huvifunika kwa plastiki, kisha husahau kuitoa.

Karatasi na siku yenyewe

Weka kwenye faili moja: ripoti ya ukaguzi uliopita na uthibitisho kwamba kila kosa lilirekebishwa, vyeti vya mafundi, daftari la majaribio ya king'ora, ramani ya jengo, na kumbukumbu za mazoezi ya kutoka zenye tarehe, dakika zilizotumika na idadi ya watu waliohesabiwa mahali pa kukusanyika. Usijaze daftari la mwaka mzima kwa usiku mmoja. Wino ule ule na mwandiko ule ule hujieleza.

Mkaguzi anaweza kumsimamisha mfanyakazi yeyote na kumuuliza anatokea wapi na anakusanyika wapi. Wafundishe wote, hata aliyeajiriwa wiki hii na wa zamu ya usiku.

Siku yenyewe, anayemwongoza awe na funguo za vyumba vyote, kikiwemo cha umeme. Kosa linaloweza kuondolewa palepale, kama boksi mlangoni, liondolewe akiwa bado anaangalia. Kwa yaliyobaki, omba orodha ya maandishi yenye muda wa mwisho, na upige picha kabla na baada ya kila marekebisho.